Jean Purdy: Muuguzi aliyesahauliwa katika safari ya mtoto wa kwanza wa maabara

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Kwenye mfereji wa maji, katika chama cha akina mama, mbele ya kibanda cha mboga, yeye ni Mama Otieno, Mama Wanjiku au Mama Halima, na majirani wengi hawalijui jina alilopewa na wazazi wake. Asiyejaliwa mtoto hubaki na jina lake la usichana hata mvi zikimtoka, na katika jina hilo tupu mna swali ambalo kila jirani hulisikia bila ya mtu kuliuliza.

Wengi wa wanawake hao si tasa kwa maana ambayo wazee walilitumia neno hilo. Mayai yao ni mazima na nyumba ya uzazi haina kasoro. Kilichoharibika ni mirija miwili myembamba inayopitisha yai kutoka kwenye ovari. Maradhi ya zinaa yasiyotibiwa mapema, mimba iliyotolewa kichochoroni, au maambukizi yanayofuata uzazi wa kwanza usiokuwa na mkunga, yote hayo huweza kuiziba mirija hiyo daima. Uchunguzi uliofanywa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi miongo kadhaa iliyopita ulibainisha kwamba tatizo la mirija lilikuwa kubwa zaidi barani Afrika kuliko kwingineko. Ni tatizo linalowaandama hasa maskini.

Kwa mwanamke wa hali hiyo dawa ipo, nayo ilizaa matunda kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka wa 1978. Ilitokana na kazi ya watu watatu. Wawili kati yao, Profesa Robert Edwards na Dkt Patrick Steptoe, walipata sifa wangali hai. Wa tatu alikuwa muuguzi aliyeitwa Jean Marian Purdy, aliyefariki mwaka wa 1985 akiwa na umri wa miaka 39, na ambaye jina lake liliachwa nje ya bamba la kumbukumbu lililotundikwa katika hospitali ya mji alikofanyia kazi hiyo.

Purdy alizaliwa Aprili 25, 1945, mjini Cambridge, majuma mawili hivi kabla ya vita vikuu vya pili kumalizika barani Ulaya. Alisoma katika shule ya upili ya wasichana mjini humo, ambako alikuwa kiranja, akashiriki michezo na kupiga fidla katika bendi ya shule. Hakwenda chuo kikuu, ingawa mji wake ni miongoni mwa miji ya vyuo inayojulikana zaidi duniani. Alichagua uuguzi, akapata mafunzo katika Hospitali ya Addenbrooke's.

Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 23, aliajiriwa na Edwards kuwa msaidizi katika maabara ya fiziolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakuwa na shahada ya sayansi. Alikuwa na mikono iliyozoea usafi wa hospitali, jicho la kuangalia na subira ya kuandika alichokiona. Ikaja kudhihirika kwamba hayo ndiyo yaliyohitajika.

Edwards alikuwa ametumia miaka mingi akichunguza mayai ya panya, kisha ya binadamu, akitaka kujua kama yai la mwanamke laweza kukutanishwa na mbegu ya kiume nje ya mwili. Tatizo lake lilikuwa kuyapata mayai yenyewe. Aliyatoa katika vipande vya ovari vilivyokatwa na madaktari wakati wa upasuaji wa maradhi mengine, na vipande hivyo vilipatikana kwa nadra. Kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa viwanda vya pamba wa Oldham, Steptoe alikuwa amebobea katika kutumia darubini nyembamba inayopenyezwa tumboni kupitia kitundu kidogo karibu na kitovu. Kwa chombo hicho aliweza kuiona ovari pasipo kumpasua mgonjwa tumbo zima. Mabingwa wengi wa London walimdharau, wakiona kifaa chake ni mchezo wa hatari. Edwards alikutana naye mwaka huohuo wa 1968, na wawili hao wakakubaliana kufanya kazi pamoja. Mmoja alijua kulifikia yai, mwenzake alijua la kulifanyia likishatoka.

Ila mmoja alikuwa Cambridge na mwingine Oldham, na kati ya miji hiyo mna safari ya zaidi ya kilomita 250, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Kericho. Barabara hiyo Edwards na Purdy waliisafiri kwa gari kwenda na kurudi kwa takriban miaka kumi. Edwards alikuwa na mke na mabinti watano Cambridge, na kazi ya kufundisha. Purdy hakuolewa wala hakupata mtoto.

Mara nyingi ni yeye aliyetangulia Oldham kuitayarisha maabara, na ni yeye aliyebaki nyuma mwenzake alipoitwa kwingine. Chumba walichopewa kilikuwa kidogo, na baadaye wakahamia katika hospitali ndogo ya Dkt Kershaw, eneo la Royton. Humo Purdy alichanganya maji maalumu ya kuyatunzia mayai, akavisafisha vyombo vya kioo, akapima joto, akaangalia kwenye hadubini na kuandika. Watafiti waliokuja kuyachambua madaftari ya maabara hiyo miaka mingi baadaye walikuta kurasa nyingi zimejaa mwandiko wake.

Wagonjwa nao walikuwa sehemu ya kazi yake. Wengi walikuwa wake wa watu wa kawaida, waliotoka mbali kwa treni na basi, wakijua kwamba wanajitoa kwa utafiti usio na hakika. Yeye aliwapokea, akawaeleza kitakachofanyika, akakaa nao baada ya upasuaji. Kwa muuguzi aliyefunzwa hospitalini hilo halikuwa jambo la ajabu. Kwa maabara ya sayansi lilikuwa adimu.

Mafanikio ya mwanzo yalikuja haraka. Mnamo Februari 1969 Edwards, Steptoe na mwanafunzi Barry Bavister walitangaza katika jarida la Nature kwamba yai la mwanamke limetungishwa ndani ya chombo cha kioo. Mwaka uliofuata jina la Purdy likatokea pamoja na ya wakubwa wake wawili katika jarida hilohilo, katika makala iliyoeleza jinsi mayai hayo yalivyogawanyika kuwa seli nyingi. Mwaka wa 1971 watatu hao wakaonyesha viinitete vilivyokuzwa kwa siku kadhaa zaidi. Hadi kufa kwake aliandika pamoja nao makala 26.

Kutoka hapo njia ikawa nyembamba. Mwaka wa 1971 baraza la Uingereza linalofadhili utafiti wa tiba lilikataa kuwapa fedha. Lilitilia shaka usalama wa jambo lenyewe, na isitoshe, viongozi wa sayansi wa wakati ule waliona kwamba ulimwengu unakabiliwa na wingi wa watu, kwa hivyo kumtibu asiyezaa halikuwa jambo la dharura.

Fikra hiyo msomaji wa Kenya anaijua vizuri. Mwaka wa 1967 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa mpango, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya kwa wastani alizaa takriban watoto wanane. Zahanati za serikali zikafundishwa kupunguza uzazi. Ambaye uzazi ulimpita kando hakuwa na dirisha la kupangia foleni, na hata leo mwanamke wa Kibera hupata sindano au vidonge vya kupanga uzazi karibu na mlango wake, lakini akitafuta mtoto huambiwa avumilie, au apande matatu kwenda kliniki ya kibinafsi.

Fedha za Edwards zilipatikana kwa wafadhili, wengine wao wa Marekani. Lawama nazo hazikukoma. Viongozi wa dini waliona kwamba binadamu anajitwalia kazi ya Muumba. Wanasayansi wenye majina, akiwamo James Watson aliyepata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa umbo la DNA, walionya kwamba watoto watazaliwa na kasoro. Magazeti yaliandika habari za watoto wa chupa kana kwamba wangemea rafuni.

Na wagonjwa hawakuwa wakishika mimba. Mwaka ukapita, na mwingine, na viinitete vilivyorudishwa katika nyumba ya uzazi havikudumu. Dawa za homoni zilizotumiwa kuyakomaza mayai mengi kwa mpigo zilionekana kuvuruga mwili hata usiweze kuihifadhi mimba. Katikati ya miaka ya 1970 mama yake Purdy aliugua, naye akaacha kazi kwa muda ili kumuuguza. Edwards alijaribu kufikiria kuendelea bila yake, akaona haiwezekani. Kazi ya Oldham ikasimama hadi msaidizi wake aliporejea. Hakuna cheti kinachoeleza nafasi yake vizuri kuliko kimya cha majuma hayo.

Waliporudi, waliamua kuacha dawa na kulifuata yai moja ambalo mwili wa mwanamke hulikomaza wenyewe kila mwezi. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Ili kuitambua saa ambayo yai linakaribia kutoka, mkojo wa mgonjwa ulipimwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Yai halikujali kama ni saa za kazi. Likikomaa saa nane za usiku, daktari, wauguzi wa chumba cha upasuaji na Purdy waliamka.

Ndivyo alivyofika Lesley Brown, mkazi wa Bristol, ambaye mumewe John alifanya kazi katika reli. Mirija yake ilikuwa imeziba, na kwa miaka tisa walikuwa wametafuta mtoto bila mafanikio. Mnamo Novemba 10, 1977, Steptoe alilitoa yai moja tu kutoka kwake. Likakutanishwa na mbegu za mumewe, likawekwa katika joto. Purdy ndiye binadamu wa kwanza aliyeangalia katika hadubini na kuona kwamba limeanza kugawanyika. Lilipofikia seli nane lilirudishwa katika nyumba ya uzazi ya Lesley, nako likashika.

Louise Joy Brown alizaliwa kwa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Oldham usiku wa Julai 25, 1978, zikiwa zimesalia dakika chache kufika saa sita. Alikuwa na uzito wa kilo 2.6 hivi, mzima kabisa, akilia kama mtoto yeyote. Wa pili, mvulana, alizaliwa Scotland Januari 1979.

Hesabu ya Oldham inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu huachwa nje furaha inaposimuliwa. Kati ya 1969 na 1978, wanawake 282 walijitolea kutolewa mayai. Watano walithibitika kushika mimba. Wawili walipata watoto. Waliobaki, karibu wote, walirudi makwao mikono mitupu, na elimu iliyotokana na miili yao ikawafaa wengine.

Steptoe alikuwa amefikia umri wa kustaafu katika hospitali za umma, na serikali haikuwa tayari kugharimia kituo kipya. Ikabidi watafute mahali pa kibinafsi. Purdy ndiye aliyeipata Bourn Hall, nyumba kongwe ya kifahari nje ya Cambridge, na kliniki ikafunguliwa humo mwaka wa 1980, sehemu ya wagonjwa wakilala katika vibanda vya muda vilivyosimamishwa uwanjani. Akawa mkurugenzi wa ufundi. Watoto wapatao 370 walitungwa katika kazi aliyoshiriki. Miongoni mwa waliozaliwa miaka hiyo ni Natalie, mdogo wake Louise, aliyezaliwa 1982, ambaye mwaka wa 1999 alizaa mwenyewe kwa njia ya kawaida na kuuondoa uvumi kwamba watoto wa maabara wangekuwa tasa.

Saratani ya ngozi ilimkatiza Purdy katikati ya kazi hiyo. Alifariki Machi 16, 1985.

Wagonjwa wa Oldham walikuwa wanandoa, mume na mke, na hapana dalili kwamba watatu hao walikuwa na nia ya kubadilisha maana ya familia. Lakini waliufungua mlango ambao haukuweza kufungwa nusu. Mradi yai limeweza kutoka katika mwili mmoja, likakaa juu ya meza na kuonekana kwa macho, hapakuwa tena na sababu ya kimaumbile ya kulirudisha katika mwili uleule. Yai la mwanamke mmoja liliweza kulelewa katika tumbo la mwingine. Mbegu ziliweza kuwa za mtu asiyejulikana.

Mjadala huo ulikwisha kuanza kabla ya Louise kuzaliwa. Mnamo Januari 1978 gazeti moja la jioni la London lilifichua kwamba daktari mmoja jijini humo alikuwa akiwasaidia wanawake wanaopendana wao kwa wao kupata watoto kwa kuwapandikiza mbegu za kiume. Palizuka kelele hadi bungeni. Baadhi ya wanawake hao walienda katika ofisi za gazeti hilo wakiwa na watoto wao kulalamika. Mwaka wa 1984 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock, iliyoundwa na serikali kufuatia mafanikio ya kina Purdy, ilitoa maoni kwamba kwa jumla ni heri mtoto azaliwe katika nyumba yenye baba na mama. Sheria ya Uingereza ya 1990 ikazitaka kliniki kuzingatia haja ya mtoto kuwa na baba. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya 2008, na tangu Aprili 2009 wanawake wawili wanaweza kuandikwa wote kuwa wazazi wa mtoto. Mwaka uliofuata wanaume wawili waliopata mtoto kwa mama aliyewabebea mimba nao wakaruhusiwa kuomba amri ya mahakama ya kuwatambua kuwa wazazi.

Sasa ni kawaida katika kliniki za huko mwanamke mmoja kutoa yai na mwenzake kuibeba mimba. Kila hatua ya tendo hilo, kuanzia kulivuta yai hadi kulichunguza siku ya pili na ya tatu, ni ile iliyoandikwa katika madaftari ya Royton.

Nchini Kenya watoto wa kwanza wa mbinu hiyo walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006, chini ya uangalizi wa Dkt Joshua Noreh. Kliniki zimeongezeka tangu hapo, nyingi zikiwa katika mitaa ya wenye nazo, na duru moja ya matibabu hugharimu malaki ya shilingi bila hakika ya kufaulu. Kwa anayekodi chumba cha mabati Kibera au Kawangware, hiyo ni kodi ya miaka mingi. Kutoka kituo cha matatu nambari 46 za Kawangware hadi kliniki za aina hiyo ni safari fupi sana. Ni ajabu kwamba tiba iliyobuniwa katika hospitali za umma za mji wa viwanda, kwa ajili ya mirija iliyoziba, imekuwa vigumu kumfikia mwenye mirija iliyoziba.

Sheria nayo imekwenda polepole. Mbunge Millie Odhiambo alipeleka bungeni mswada wa kusimamia matibabu haya mwaka wa 2014, na mswada huo umerudi mara kadhaa kwa sura tofauti. Katika mwaka huohuo wa 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi ililazimika kuamua kesi ya pacha waliozaliwa na mwanamke aliyewabebea wanandoa wengine mimba, bila ya kuwa na sheria mahsusi ya kuiongoza.

Kwa wapenzi wa jinsia moja mlango ni mwembamba zaidi. Kipengele cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Watoto ya 2001 ilitamka wazi kwamba shoga hawezi kupewa amri ya kupanga mtoto. Mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyoharamisha tendo la ndoa baina ya wanaume, na ingawa Mahakama ya Juu iliamua Februari 2023 kwamba chama cha kutetea haki za watu hao kina haki ya kusajiliwa, uamuzi huo haukugusa ndoa wala uzazi. Wanawake wawili wanaoishi pamoja katika chumba kimoja mtaani hulea mtoto wa ndugu, au aliyezaliwa na mmoja wao kabla hawajajuana, na kwa majirani mwenzake mama huyo hupita kama shangazi. Hospitalini, shuleni na mbele ya chifu, shangazi huyo hana saini.

Mambo haya, hata hivyo, si mageni kabisa katika ardhi hii. Miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakuria, mwanamke asiyejaliwa mtoto, au asiyekuwa na mwana wa kiume, aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe kwa kulipa mahari kama mume yeyote. Wakuria wa upande wa Tanzania huiita nyumba ntobhu. Mke huyo alizaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wakawa wa mwanamke aliyelipa mahari, wakarithi ardhi na jina lake. Haikuwa ndoa ya mapenzi ya kimwili, na wazee wa jamii hizo hukasirika wakisikia inalinganishwa nayo. Ilikuwa njia ya kupata mtoto kwa aliyenyimwa na maumbile. Mwaka wa 2011 Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi, na mjane wa mwanamke akapewa haki yake pamoja na watoto. Yaani desturi ilikwisha kukubali kwamba anayezaa, anayetoa mbegu na anayeitwa mzazi waweza kuwa watu watatu tofauti, karne nyingi kabla ya hadubini ya Purdy.

Kule Oldham, wakuu wa afya walipopanga kutundika bamba la kumbukumbu mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwataja Steptoe na Edwards. Edwards aliandika kupinga. Aliwaeleza kwamba Purdy alisafiri naye kwenda Oldham kwa miaka kumi na kwamba mchango wake haukuwa mdogo kuliko wa kwake mwenyewe. Hawakumsikiliza, na Purdy alikufa bamba likiwa na majina mawili. Barua hizo zilibaki katika nyaraka zake mjini Cambridge hadi zilipofunguliwa kwa umma mwaka wa 2019.

Steptoe alifariki mwaka wa 1988. Edwards alitunukiwa Nobel ya tiba mwaka wa 2010, tuzo ambayo haipewi marehemu, akafariki 2013. Kufikia wakati huo watoto wa maabara walikuwa mamilioni duniani, na sasa wamepita milioni 10. Mwaka wa 2018 jiwe jipya la kumbukumbu la Purdy lilizinduliwa katika makaburi ya kanisa la Grantchester, kijiji cha jirani na Cambridge. Mwaka wa 2022 mji wa Oldham nao uliweka bamba lenye jina lake, pamoja na la Muriel Harris, msimamizi wa chumba cha upasuaji aliyekuwa akiamka nao usiku.